Umeshinda Kesi ya Shamba, Lakini Yote? Jinsi ya Kusoma Hukumu ya Sehemu

Neno "nimeshinda" hutamkwa mapema mno katika kesi za ardhi. Jaji anasoma hukumu, mtu anasikia kwamba yeye ni mmiliki, na kabla ya jua kutua ameshaita fundi wa kuweka ua. Kisha msajili wa ardhi anamwambia kuwa karatasi aliyo nayo haiwezi kubadilisha hatimiliki, kwa sababu kesi haijakamilika.

Watu wanapotaja hukumu ya sehemu huwa na maana mbili tofauti. Ya kwanza ni madai kukubaliwa kwa sehemu. Uliomba mambo manne, mahakama ikakupa mawili na kukataa mawili. Kesi imekwisha, na asiyeridhika hukata rufaa. Ya pili ni hukumu inayoamua swali moja na kuacha jingine lisubiri: imeshaamuliwa nani mwenye haki, lakini mipaka au hesabu ya pesa bado. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, inaita uamuzi wa namna hii dikrii ya awali. Sheria hiyohiyo inakubali kwamba dikrii moja yaweza kuwa ya awali kwa upande mmoja na ya mwisho kwa upande mwingine. Hapo ndipo wengi hupotea, maana yote mawili yamo kwenye karatasi moja.

Tuchukue mfano. Ardhi ya ukoo ilipopimwa, shamba la ekari 6 liliandikishwa kwa jina la kaka mkubwa pekee. Miaka baadaye dada yake anakwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anaomba itangazwe kuwa kaka anashikilia nusu ya shamba kwa amana kwa niaba yake, shamba ligawanywe, alipwe sehemu yake ya pesa ambazo kaka amekuwa akipokea kwa kulikodisha, na afidiwe miti iliyokatwa. Dai la amana ya kimila si la ajabu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amana hiyo inaweza kumfunga aliyeandikishwa kwenye hatimiliki, na kwamba si lazima anayeidai awe anaishi kwenye ardhi yenyewe.

Mahakama inaamua hivi: nusu ni ya dada. Mpima ardhi, au sorovea kama tulivyozoea kumwita, aende shambani na kuleta ripoti kwa siku 60. Kaka alete hesabu za ukodishaji, kisha kiasi cha kulipwa kiamuliwe. Dai la miti limetupiliwa mbali kwa kukosa ushahidi.

Dada ameshinda nini leo? Ameshinda haki ya nusu. Hajapata nusu iliyo kando ya barabara, wala ile ya karibu na mto. Nusu aliyopewa bado ni fungu tu, haijawa kipande cha ardhi chenye mipaka, mpaka ripoti ya mpima ardhi ipokelewe na mahakama itoe amri. Akijenga leo upande anaoupenda, huenda nyumba ikaangukia upande wa kaka. Kaka naye hana ruhusa ya kuharakisha kuuza kipande "chake". Dada akihofia hilo, anaweza kuiomba mahakama itoe amri ya kuzuia uandikishaji wowote juu ya shamba hilo kwa muda.

Tahadhari kubwa zaidi inamhusu kaka, na kwa maoni yetu hili ndilo rahisi zaidi kukuponyoka. Anaweza kujiambia, "Nitangoja kesi iishe yote, kisha nikate rufaa mara moja." Kifungu cha 68 cha sheria tuliyoitaja kinamfungia mlango: asiyekata rufaa dhidi ya dikrii ya awali hawezi kupinga usahihi wake anapokata rufaa dhidi ya dikrii ya mwisho. Akikaa kimya sasa, suala la nusu limekwisha. Atabaki kubishania mipaka na hesabu tu. Dada naye, kuhusu miti, asingoje ripoti ya mpima ardhi.

Siku zenyewe ni chache. Kutoka Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwenda Mahakama ya Rufaa, ilani ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi kutolewa, na rekodi ya rufaa ndani ya siku 60 tangu ilani iwasilishwe. Kesi ikiwa iliamuliwa na hakimu, rufaa huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Ni lazima uombe usimamishwe.

Kwa hiyo anzia aya za mwisho za hukumu, penye maagizo. Kando ya kila agizo andika: limeamuliwa, limekataliwa, au linangoja. Angalia kama kuna tarehe ya kesi kutajwa tena. Tarehe hiyo ikiwepo, kuna jambo halijaisha. Kisha omba dikrii iliyopigwa muhuri na uilinganishe na hukumu.

Chifu au ofisi ya wadi haiwezi kukamilisha kilichoachwa na jaji. Kaunti hushughulikia kodi ya ardhi na kuidhinisha mipango ya ugawaji wa ardhi, lakini hatimiliki hubadilishwa na msajili wa ardhi, aliye chini ya serikali ya kitaifa. Na wewe unayetaka kununua shamba kutoka kwa mtu mwenye hukumu mkononi, fanya sachi kwanza, kisha uombe kuona dikrii yenyewe.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Nenda mapema, ukiwa na nakala ya hukumu nzima na tarehe iliyosomwa.