Kompyuta Inayochelewa Kuwaka: Tazama Imesimama Wapi

Makarani wa matawi, na wanachama ambao watoto wao huwawekea hesabu za shamba katika kompyuta, wameuliza mara nyingi juu ya jambo hili moja. Msimu umewadia, karafuu ziko majamvini, wachumaji wanataka haki yao. Karani anabonyeza kitufe, na mashine yamtazama tu. Ama yawaka baada ya muda mrefu, ama yasimama katikati isiendelee. Tutaeleza hapa namna ya kuitafuta ila yake, na zaidi tutaeleza lipi lisifanywe kwa haraka.

Kwanza yafaa msomaji ajue kwamba kompyuta haiwaki kwa mara moja kama taa. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyo katika ubao mkuu wa mashine huamka kwanza, ikakagua kumbukumbu, kibodi na kioo. Ikiridhika, hutafuta diski. Kutoka katika diski husoma mfumo mkubwa, ambao kwa wengi wetu ni Windows, na mfumo huo ukaamsha kazi zake mmoja mmoja. Mwisho kabisa, ukisha kutia neno la siri, huamka programu nyingine zilizowekwa na watu. Ni kama kikosi cha wachumaji: nokoa huamka kabla ya wote, akatazama ngazi na kamba, ndipo wengine wakafuata. Basi swali la kwanza si "ina nini?" bali "imesimama wapi?" Chukua saa na kalamu, uandike dakika ngapi zapita katika kila kituo.

Ikiwa kioo ni cheusi na hapana alama yoyote, usihangaike na Windows, maana hata haijafikiwa. Tazama waya wa umeme na wa kioo. Chomoa printa, flashi na kila kilichochomekwa pembeni. Kompyuta ya mkononi chomoa chaja yake, na betri pia kama yatoka, ushikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha ujaribu tena. Mashine ikilia milio, hesabu milio hiyo na kuiandika; kila mtengenezaji ana maana yake, na fundi atakushukuru. Aghalabu ni kipande cha kumbukumbu kilicholegea au kushika vumbi, nacho hutolewa na kurudishwa umeme ukiwa umekatwa.

Kuna na kibetri cha duara mfano wa sarafu, mara nyingi chenye namba CR2032 na nguvu ya volti 3. Kikiisha, saa na tarehe hupotea kila mashine inapokatiwa umeme, na yaweza hata kusahau ianzie diski ipi. Dawa yake ni kununua kingine, basi.

Na flashi iliyosahauliwa! Mashine nyingine hutazama huko kwanza, isipoona mfumo husema hapana pa kuanzia. Nimemwona mtu amebeba kompyuta yake kwa boti mpaka mjini, na flashi bado imechomekwa ubavuni.

Ikiwa yafika upesi penye neno la siri, kisha ndipo yawa nzito, ila si ya mashine bali ni ya wageni waliokaribishwa ndani. Bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, utafute penye neno Startup. Hapo utaona programu zinazojiamsha zenyewe. Zima za mazungumzo, za muziki na za printa usiyonayo tena, lakini ile ya kukinga virusi iache. Ila usiwe na mbili za kukinga virusi, maana hugombana. Tazama pia kama diski imejaa karibu pomoni. Tena jueni kwamba tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kwa kawaida katika mashine nyingi hakufungi kila kitu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kesho iwake upesi, na ila ikahifadhiwa pamoja nayo. Ukitaka ianze upya kweli, chagua kuwasha upya, si kuzima.

Sasa tufike kwenye kituo cha katikati, pale penye alama ya Windows na vidoti vinavyozunguka. Ikitokea mara moja baada ya mfumo kujiongezea mapya, iache imalize, wala usikate umeme. Lakini ikiwa ni kila siku, na kila wiki yazidi, shuku diski. Diski za zamani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita karibu mno na uso wake bila kuugusa. Pakiharibika mahali, mashine hurudia kusoma palepale tena na tena. Huko ndiko kuchelewa kwenyewe. Pengine utasikia tik, tik, tik.

Msimu mmoja kompyuta ya tawi letu ilikuwa ikiwaka kwa dakika mbili, zikawa tano, zikawa tisa. Tulisema imezeeka, tukanywa kahawa tukingoja. Siku ya kulipa wachumaji ikakwama penye vidoti. Watu wamejaa barazani, na hesabu ya pishi za kila mmoja imo ndani. Fundi tuliyemwita akaiwasha na kuizima mara nyingi, kisha akasema afute vyote aweke mfumo upya. Tukakubali kwa kutojua. Mashine ikawaka, tena kwa haraka, lakini ilikuwa tupu. Na diski ile mbovu ikafa kabla ya mwezi kwisha. Tulilipa kwa kukumbushana tu. Wawili walisema wamepunjwa, na mpaka leo sina la kuwajibu.

Kwa hiyo, ukishuku diski, acha kuiwasha-washa. Kila mara waichosha. Usianze na programu ya kutengeneza diski, kwa kuwa nayo huandika juu yake na kuitaabisha. Mwambie fundi aitoe, aiunganishe kwa waya na kompyuta nyingine, anakili daftari la uzani na la malipo kwanza, picha za harusi baadaye. Mashine mpya nyingine hufunga diski kwa ufunguo wa tarakimu 48, na bila hizo hata fundi hodari hafungui. Ziandikeni leo, mashine ikiwa nzima. Nakala ikisha kupatikana, ndipo mfumo uwekwe upya, na ni bora katika diski mpya isiyozunguka, ambayo huifanya kompyuta kuukuu iwake upesi kuliko ilipokuwa mpya.

Sisi sasa twanakili daftari kila Alhamisi jioni katika flashi mbili. Moja hukaa ofisini, na ya pili hulala nyumbani kwa mshika fedha, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, kwa ajili ya unyevu.