Kupanga na Kupangua Umeme wa Kamera: Nafasi ya Kauli za Vitenzi katika Maelezo ya Kiteknolojia

Makala haya yanachunguza jinsi mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unavyoweza kueleza kazi ya kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha tarakilishi (au kompyuta, kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania) kutawala kifaa fulani. Kifaa tulichokiteua ni kihisi cha kamera, na suala letu ni umeme wake. Mfano tumeutoa Kitui na Makueni, ambako ndovu wa Tsavo na wa vilima vya Chyulu huingia mashambani. Kamera inayotegwa kandokando ya shamba, mbali na nyaya za stima, hutegemea betri na paneli ya jua. Jua la Ukambani ni jingi, lakini kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda siku nyingi. Kamera isiyojua kulala huenda ikazimika usiku uleule ambao mkulima wa Mutomo au Kibwezi angeihitaji.

Tuchukulie betri ya saa-wati 10 na kihisi kinachotumia wati 0.2 kikiwa macho. Kikikesha daima, kitaimaliza betri kwa saa 50. Kikiamshwa kwa sekunde 10 tu katika kila dakika 10, na kisitumie chochote kikilala, kitachukua saa 3,000. Vipo vijenzi vingine vinavyokula umeme, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, na inategemea kiendeshi.

Kihisi IMX219 cha Sony, kilichomo katika kamera ya Raspberry Pi iliyotoka mwaka 2016, hudai volteji tatu: 2.8 kwa sehemu ya analogi, 1.8 kwa milango ya mawasiliano, na 1.2 kwa kiini cha dijitali. Kiendeshi chake katika Linux huviwasha vidhibiti vya volteji hizo, kisha huwasha saa ya megahezi 24, kisha hukiachilia kihisi kutoka katika hali ya kuzuiliwa, halafu hungoja zaidi ya milisekunde 6 kabla ya kukitumia amri yoyote. Anayeharakisha huenda asijibiwe.

Hapa ndipo sarufi yetu inapotufaa. Kuwasha ni kauli ya kutendesha ya kuwaka, na vitenzi hivi viwili hutenganisha mambo ambayo mwandishi wa programu hana ruhusa ya kuyachanganya. Kidhibiti kimewashwa mara amri inapotolewa. Hakijawaka mpaka volteji ipande na kutulia. Zile milisekunde 6 zipo kwa ajili ya pengo la namna hii, kati ya tendo na hali. Mwalimu atakayesema tu kwamba “umeme umewekwa” atakuwa ameificha sababu ya kungoja.

Kuzima kuna utata zaidi. Kwanza, neno lenyewe lina mtego: kihisi kizima ni kile kisicho na hitilafu, ilhali kihisi kilichozimwa hakifanyi kazi! Pili, kuzima hakuonyeshi mpangilio. Kanuni ya jumla ya viendeshi ni kurudi kinyumenyume: kilichotangulia kuwashwa huzimwa mwisho, kama mtu aliyevaa soksi kisha viatu anavyolazimika kuvua viatu kwanza. Kauli ya kutendua inabeba maana hiyo bila maelezo marefu. Kwa hiyo ninapendekeza tuseme kupanga umeme na kupangua umeme. Istilahi hizi zinafaa hasa pale mambo yanapoharibika katikati. Saa ikikataa kuwaka baada ya volteji kupatikana, kiendeshi hakina budi kupangua kilichokwisha kupangwa kabla ya kuripoti kosa. La sivyo, kamera haitapiga picha na betri itazidi kuliwa.

Aidha, Linux huweka hesabu ya mahitaji ya kifaa. Kila anayekihitaji huongeza moja, na akimaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kifaa huruhusiwa kulala. Ni kama taa ya chumba cha kusomea, ambayo huzimwa na anayetoka mwisho. Hata hivyo, njia iliyozoeleka ya kuomba kifaa kiamshwe iliongeza hesabu hata pale kilipokataa kuamka. Waandishi wengi waliliona kosa, wakarudi bila kupunguza ile moja. Deni hilo lilibaki, hesabu haikufika sifuri tena, na kifaa kikakosa ruhusa ya kulala. Mwaka 2020 iliongezwa njia nyingine, ambayo huirudisha hesabu yenyewe ombi linaposhindikana, na mwaka 2021 viendeshi vingi vya kamera vilirekebishwa ili kuitumia.

Kwa ombi hili ninapendelea kitenzi kuazima badala ya kuchukua, kwa kuwa kinadai kurudisha. Limebaki tatizo la kumtaja aliyeazima asipewe kitu, lakini akaandikiwa deni. Kuazimwa hakufai, wala kukopeshwa. Wasomaji wa Ukambani, ambako madaftari ya madeni dukani si mageni, huenda wana neno lake.