Buti la Ngozi: Tazama Soli, Pima Mguu



Katika somo la toleo hili tunajibu swali ambalo vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimelileta zaidi ya mara moja: mtu anunueje buti la ngozi litakalodumu, na atajuaje kwamba linamfaa mguuni? Wapo watakaosema hilo si jambo la kufundishana. Sisi tunaona vingine. Kwa kijana anayeanza upagazi katika Mlima Kilimanjaro, kwa fundi ujenzi, kwa mlinzi wa lindo la usiku na kwa mkulima wa shamba lenye mawe, buti ni kitendea kazi kama lilivyo jembe. Mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya mkopo. Soli ikibanduka siku ya pili ya safari, mpagazi anarudishwa chini, au anaendelea na kiatu kilichofungwa kwa kamba. Ujira unapungua, kidonda kinaanza, na marejesho ya kikundi yanabaki yale yale.

Wengi wetu huchagua buti kwa kutazama mng'ao na namba. Vyote viwili hudanganya. Mng'ao ni kazi ya kiwi na brashi ya muuzaji. Namba, kama tutakavyoona, hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya kiwanda na kiwanda.

Ngozi ipi?

Ngozi ya ng'ombe ni nene kuliko inavyohitajika kwa kiatu, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililokuwa na manyoya, ndilo lenye nyuzi zilizosukana kwa karibu. Hustahimili kukunjwa mara nyingi mno bila kupasuka. Tabaka la chini ni legevu zaidi, na mara nyingi hupakwa rangi nzito ya plastiki na kupigwa chapa ya vinyweleo ili lifanane na la juu. Hata hilo ni ngozi, kwa hiyo maandishi ya "ngozi halisi" yaliyogongwa kwenye ulimi wa kiatu hayakuambii ni tabaka lipi. Kuna na ile inayotokana na mabaki yaliyosagwa na kushikamanishwa kwa gundi. Hiyo msiinunue kwa kazi yoyote ya kutembea.

Utaitambuaje? Tafuta ukingo uliokatwa, kwa mfano pembeni mwa ulimi au mdomoni mwa buti. Ngozi nzuri huonyesha nyuzinyuzi kuanzia juu hadi chini. Ukiona kitambaa chini na utando wa plastiki juu, hiyo si ngozi. Kisha bonyeza kwa dole gumba: ngozi ya tabaka la juu hufanya mikunjo midogo midogo inayotawanyika na kurudi, wakati plastiki huingia ndani kama mpira. Vinyweleo navyo vitazame. Kazi ya Mungu haijipangi kwa rula. Vinyweleo vikiwa sawasawa kila mahali, vimepigwa na mashine. Harufu msiitegemee, maana siku hizi nayo hutengenezwa.

Kwa wanaonunua mitumba, kama ile ya soko la Memorial mjini Moshi, kuna msaada ambao wengi huupita bila kuuona. Viatu vinavyouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na alama ndogo zinazoeleza vimetengenezwa kwa nini: sehemu ya juu, bitana ya ndani, na soli. Alama yenye umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi. Umbo hilo hilo likiwa na msambamba mdogo ndani yake, ni ngozi iliyopakwa tabaka la juu la kitu kingine. Alama ya wavu ni kitambaa. Msambamba mtupu ni vitu vinginevyo, yaani plastiki, mpira na jamaa zake. Mara nyingi alama hizo zipo kwenye kibandiko chini au ndani ya ulimi. Zikiwa hazijafutika, zinasema kweli kuliko muuzaji.

Soli imeshikwa na nini?

Hapa ndipo tungependa msomaji akae zaidi, kwa sababu ngozi nzuri juu ya soli mbaya ni hasara.

Ziko njia nyingi za kuunganisha soli, lakini kwa mnunuzi zinatosha mbili. Ya kwanza ni gundi peke yake. Viatu vingi duniani leo hutengenezwa hivyo, na si vibaya vyote. Gundi ya kiwandani iliyotiwa vizuri hudumu. Ugumu wake ni kwamba soli ikiisha, fundi wa mtaani hana joto wala mgandamizo wa kiwanda, na soli mpya anayobandika mara nyingi haikai. Njia ya pili ni kushona. Katika mabuti mengi ya kazi, ukanda mwembamba wa ngozi hushonwa kuzunguka sehemu ya juu, kisha soli hushonwa kwenye ukanda huo. Soli ikila, fundi hukata uzi wa nje tu, akaiondoa na kushona nyingine, na ngozi ya juu haiguswi. Mtindo huu hujulikana kwa jina la Goodyear, kutokana na mashine zilizobuniwa Marekani katika karne ya 19. Katika mtindo mwingine, ngozi yenyewe hukunjwa kwa nje na kushonwa moja kwa moja kwenye soli. Nao ni mzuri, na mafundi wetu huumudu kwa mkono.

Angalizo: kuna mishono ya bandia. Viwanda vingine hubandika ukanda wenye mishono ya mapambo juu ya kiatu cha gundi. Geuza buti. Mshono wa kweli unaonekana chini ya soli pia, au kuna mfereji mwembamba ulioficha uzi. Kama uzi uko juu tu na chini hakuna dalili, mwulize fundi viatu kabla ya kulipa. Kwa kweli tunashauri kila kikundi kiwe na fundi viatu mmoja kinayemwamini, na mwanachama asilipe fedha ya mkopo kabla fundi huyo hajaligeuza buti mikononi mwake.

Je, buti la kushonwa linalipa? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Buti la shilingi 30,000 linalokaa mwaka mmoja na kutupwa linagharimu 30,000 kwa mwaka. Buti la shilingi 90,000 linalobadilishwa soli mara mbili kwa shilingi 20,000 kila mara, likakaa miaka 5, limegharimu jumla 130,000, yaani 26,000 kwa mwaka. Tofauti si kubwa kama wauzaji wanavyodai, na mwenye kukopa aweke riba katika hesabu yake. Faida iliyo wazi zaidi ni kwamba soli iliyoshonwa hulika polepole na kukupa muda wa kujipanga, ilhali ya gundi inaweza kuachia ghafla mahali pasipo na fundi.

Soli inayooza ikiwa mpya

Jambo hili limewatokea vijana kadhaa, nao walidhani wamerogwa au wametapeliwa. Mtu ananunua buti la mtumba ambalo halijavaliwa hata siku moja, meno ya soli yote yapo, na siku ya kwanza njiani soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Sababu inajulikana. Mabuti mengi ya kupandia milima yana soli ya kati, ile laini iliyo kati ya ngozi na mpira wa chini, iliyotengenezwa kwa poliyurethani. Kitu hicho ni chepesi na kinapunguza mtikisiko, lakini unyevu wa hewani hukivunjavunja taratibu kikemia, buti likivaliwa au lisipovaliwa. Baada ya miaka kadhaa huachia. Joto na unyevu, kama ndani ya kontena au ghala lililofungwa, huharakisha. Buti lililokaa kabatini miaka mingi linaweza kuwa bovu kuliko lile linalovaliwa kila wiki.

Kwa hiyo usiridhike na upya. Bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa ukucha wa dole gumba. Ikiacha shimo lisilorudi, ikitoa unga, au ikinata, liache. Likunje kwa nguvu mara kumi na kutazama kama nyufa zinatokea. Soli ya mpira mtupu haina ugonjwa huu, ingawa ni nzito zaidi.

Kuhusu meno ya soli, historia yake ina uchungu. Mwaka 1935 wapandaji sita walikufa katika milima ya Alps nchini Italia. Zamani zile buti la mlimani lilipigiliwa misumari chini, na kwenye mwamba mkali wapandaji walilivua na kuvaa viatu vyepesi ambavyo havikuwakinga na baridi. Mwenzao, Vitale Bramani, alitengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa inayofaa mwamba na theluji pia, akaisajili mwaka 1937. Soli nyingi za mabuti tunazoziona sokoni leo ni wajukuu wa ile.

Mguu wako, si namba yako

Pima mguu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, na mwenzako aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengine si kidole gumba bali ni cha pili. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani, na ule mkubwa ndio unaonunuliwa kiatu.

Ukipata sentimita 26, ongeza moja na nusu ya nafasi, upate 27.5. Zidisha kwa moja na nusu: 41 na kitu. Hiyo ndiyo namba ya Ulaya ya kuanzia, kwa kuwa kila namba ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Namba za Uingereza huhesabiwa kwa theluthi ya inchi, na za Marekani kwa wanaume huwa juu kwa takriban namba moja. Ndiyo maana "nane" mbili katika fungu moja la mtumba hazilingani. Buti likiwa na urefu ulioandikwa kwa milimita au sentimita, amini huo kwanza.

Hata hivyo, namba ni ya kuanzia tu. Ingiza mguu ukiwa na soksi utakazovaa kazini, kamba zikiwa zimelegezwa, sukuma vidole hadi viguse mbele. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Sasa rudisha kisigino nyuma, funga kamba, simama. Vidole vicheze. Mahali buti linapokunjika pawe ndipo mguu unapokunjika. Pakipishana, buti litakukata kila hatua. Kisigino kikinyanyuka kidogo sana katika buti jipya gumu si neno, lakini kikipanda na kushuka, malengelenge yanakusubiri.

Upana ndio unaowasumbua watu wetu. Waliokua wakitembea bila viatu mara nyingi wana miguu iliyotanuka mbele, na mabuti mengi yanayoletwa yametengenezwa kwa kalibu nyembamba. Dawa ya kawaida ni kuchukua namba kubwa zaidi na kujaza karatasi mbele. Hiyo si dawa. Mguu unateleza ndani, na mahali pa kukunjika panahama. Afadhali kutafuta kalibu pana, au fundi atanue upande. Ngozi hukubali kutanuka upana kidogo, urefu hauongezeki. Na buti lenye chuma mbele, lile la ujenzi, chuma hakitanuki kabisa, kwa hiyo likibana dukani litabana mpaka lichakae.

Mwisho, tembea kwenye mteremko, hata kama ni ngazi za duka. Mpagazi anayeshuka kutoka kambi ya Barafu hadi lango la Mweka anateremka takriban mita 3,000, akiwa na mzigo unaoweza kufika kilo 20. Vidole vikigusa mbele kwenye ngazi tatu, huko kucha zitatoka. Kabla ya kushuka kaza kamba pale kwenye kifundo, mguu usisogee mbele.

Wenye kisukari na wote waliopoteza hisia miguuni wasipime kwa kusikia. Chora unyayo kwenye karatasi ngumu, ikate, na itumbukize ndani ya buti: ikijikunja popote, buti hilo limebana hata kama mguu hausemi kitu. Watazame miguu kila jioni, na wasinunue buti lenye mshono uliotuna ndani.

Baada ya kununua, livae nyumbani saa moja au mbili kwa siku kadhaa kabla ya kazi. Likilowa, lijaze magazeti na kulianika kivulini. Moto wa mkaa hukausha ngozi hadi ipasuke na kulegeza gundi, na tumeona mabuti mazuri yakiharibiwa kambini kwa usiku mmoja tu. Kwa kikao kijacho, kila mwanachama aje na karatasi yenye michoro ya miguu yake miwili na vipimo vyake, ili fundi aanze nayo.