SOMO LA MWEZI: UFUKONI SISI NI WAGENI

Sikukuu zikifika, hasa Jumatatu ya Pasaka na siku ya pili ya Krismasi, wengi wetu hapa Maruku huteremka kwenda ziwani. Wanakwaya huenda, watoto wa shule ya Jumapili huenda, hata wazee ambao mwaka mzima hawatoki migombani nao hutaka kuyaona maji. Ni jambo jema. Lakini twaenda tukidhani kwamba ufuko hauna mwenyewe, na makosa yetu mengi huanzia hapo.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulikwenda na vijana kwenye mwalo fulani. Tulipofika, watoto waliyakimbilia maji, na kati ya njia na maji palikuwa na dagaa walioanikwa mchangani juu ya vipande vya nyavu kuukuu. Wakapita juu yao. Mpira nao ukaangukia pale pale, mara mbili. Mama mwenye dagaa hakupiga kelele. Aliinama akaanza kuwachambua waliovunjika na kuingia mchanga, kisha akatuambia tu kwamba fedha ya kununulia ndoo zile alikuwa ameikopa. Sisi tulikuwa na sufuria ya pilau na ngoma zetu, wala hatukujua la kusema. Tulimchangia, lakini twakiri kwamba tulikuwa tumepita mbele yake bila hata kumwamkia.

Nyumbani kwetu mgeni hapiti uani kwa mtu kimya kimya. Hubisha hodi, husalimu, hukaribishwa, hupewa kahawa ya kutafuna, ndipo aseme lililomleta. Ufuko hauna mlango, lakini una wenyeji. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku usio na mbalamwezi, wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Kwa hiyo mtu tunayemkuta amelala kivulini saa nne ya asubuhi si mvivu, bali ametoka kazini. Tukimfungulia redio kwa sauti kubwa karibu na kichwa chake, ni sawa na yeye kuja kwetu saa nane ya usiku na kupiga debe dirishani.

Mtumbwi uliovutwa mchangani nao si benchi. Katika Injili ya Luka, sura ya 5, twasoma kwamba Bwana Yesu alipotaka kusemea na watu kutoka chomboni, alimwomba Simoni akisogeze kidogo kutoka pwani. Aliomba. Simoni alikuwa amekesha usiku kucha bila kupata kitu, na wenzake walikuwa wakiosha nyavu. Basi kama yeye aliomba, sisi ni nani hata tukalie chombo cha mtu na kukipigia picha watoto wakirukaruka ndani yake?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kanisani tunaona haya kulitaja. Tunapokaa ufukoni kutwa nzima, watu sitini au sabini, je, tunajisaidia wapi? Wengi huingia kwenye majani karibu na maji, na watoto humalizia humo humo majini. Tujue kinachofuata. Kichocho cha tumbo, ambacho ni kingi katika Ziwa Victoria, huenezwa kwa njia hii hasa. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wakaao kwenye majani ya ukingoni. Baadaye hutoka kwa wingi na kumtoboa ngozi yeyote aliyesimama majini, awe anaoga, anafua au anachota. Mtu hasikii maumivu makubwa siku ile. Miaka hupita, ini na wengu huvimba, na wengine hufikia kutapika damu. Dawa ipo, iitwayo prazikwanteli, na watoto hugawiwa shuleni. Lakini aliyetibiwa akirudi kwenye maji yale yale huambukizwa tena. Sisi hurudi zetu Maruku jioni. Yule mama wa dagaa hubaki, na kesho watoto wake wachota hapo hapo.

Torati haikuona haya. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, yawaagiza Waisraeli watenge mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kitu cha kuchimbia ili afukie. Ikiwa mwalo una choo, tuombe ruhusa na tukiache safi. Ikiwa hakuna, tuchukue jembe, na tuchimbe mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yaweka meta 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Tuhesabu hatua zetu tangu hapo. Takataka turudi nazo, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa tupu bado twaziacha.

Kuhusu kuoga, maneno machache. Anayeoga ziwani hana mlango wa kufunga, kwa hiyo macho yetu ndiyo mlango wake. Wanaume na wanawake wanapotengana mahali pa kuoga, tusipite katikati tukisingizia kupotea njia. Na simu ikae mfukoni.

Tena tusimshurutishe mwenye mtumbwi atupakie wote mara moja ati tumelipa. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake, na mkoa huu wazijua nyumba zilizobaki na misiba. Mwenye chombo akisema basi, neno lake ndilo la mwisho, hata kama aliyebaki ufukoni ni mwalimu wa kwaya.

Na tukiwaona wenyeji hawa kuwa watu wadogo, tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 waliokoka. Wavuvi wale hawakuuliza kwanza ni nani aliyewahi kuwasalimu.

Basi kabla ya matembezi ya sikukuu ijayo, twaomba wawili wetu watangulie siku moja kabla, waonane na mwenyekiti wa mwalo, waulize dagaa huanikwa upande gani, choo kiko wapi, na watoto waweza kucheza mpira wapi. Mtu mzima mmoja apewe watoto kumi, si zaidi, awahesabu wakiingia majini na wakitoka. Samaki wa chakula tuwanunue hapo hapo. Na jembe lisisahauliwe nyumbani.