Binti Yangu Anasema Sijasonga Mbele

*Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63, naishi Muheza. Nimependa kusoma tangu utotoni na kabati langu limejaa vitabu. Juzi binti yangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, akaniomba nimwandikie vitabu kumi ninavyovipenda kuliko vyote. Nikapata sita tu: Kusadikika, Utubora Mkulima, Rosa Mistika, Siku Njema, Vuta N'kuvute na utenzi wa Mwana Kupona. Akauliza mara ya mwisho nilivisoma lini. Nikamjibu kwamba navisoma kila mwaka, kwa zamu. Akasema, "Mama, basi hujasonga mbele." Alisema kwa upole, lakini neno limenikaa moyoni. Je, nimepoteza umri nikizunguka palepale?*

*Mwalimu Mstaafu, Muheza*

Shikamoo, Mwalimu. Hapana, hujapoteza umri. Lakini binti yako anastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kununiwa, kwa sababu analosema husemwa na wengi, tena watu wanaopenda vitabu kwa dhati. Wao huona kusoma kuwa ni safari na kila kitabu ni kituo: ukishakipita umekipita, na anayekirudia amepoteza nauli. Kwa vitabu vingi wana haki. Kitabu cha kiada kikishabadilishiwa mtaala kazi yake imekwisha, na zipo hadithi ambazo ukishajua nani alioa nani hazina zaidi la kukupa. Vile sita vyako haviko katika kundi hilo. Navyo havihitaji wakili, maana ushahidi umo ndani yake.

Tuchukue Rosa Mistika. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni. Msichana wa miaka 17 akiisoma anasimama upande wa Rosa moja kwa moja. Anazisikia fimbo za Zakaria mgongoni mwake mwenyewe, anaona jinsi ukali wa baba unavyompeleka binti duniani akiwa hana alichofundishwa ila woga, na anamlaani Zakaria mpaka ukurasa wa mwisho. Msomaji huyohuyo akishazaa na kulea, akishakesha kusubiri mlango ufunguliwe, anaanza kumsoma Zakaria. Hamsamehi, na hapaswi kumsamehe. Ila sasa anaitambua hofu iliyo nyuma ya fimbo, kwa kuwa amewahi kuwa nayo. Na akizidi kukua, macho yake yanahamia kwa Regina, mama yake Rosa, ambaye mara ya kwanza alimpita kama mtu wa pembeni. Anajiuliza mwanamke yule angefanya nini katika nyumba ile, na yeye mwenyewe angefanya nini. Herufi hazikubadilika hata moja. Aliyekisoma kitabu hiki mara moja akiwa na miaka 17 amesikiliza upande mmoja wa kesi, akaondoka barazani kabla wengine hawajaitwa.

Kusadikika nacho ni hivyohivyo. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, akakiweka kisa chake katika nchi iliyo angani. Mwanafunzi hukariri majina ya wajumbe sita kwa ajili ya mtihani, akayasahau. Lakini mtu aliyekaa kwenye vikao vya kamati kwa miaka thelathini, akaona anayeleta wazo jipya anavyogeuzwa mshtakiwa, akimsoma mshtakiwa Karama mbele ya Majivuno anayemshtaki haoni nchi ya angani tena. Anaona chumba anachokijua na viti anavyovijua. Na Utubora, aliyeacha kazi ya kuajiriwa akashika jembe, hawezi kusomwa na mstaafu kama anavyosomwa na kijana anayetafuta ajira yake ya kwanza.

Kwa hiyo nasema hivi: kitabu unachokipenda kwa umri mzima hakikushindi mbio, wala huwezi kukiacha nyuma, kwa sababu chenyewe kimesimama. Anayesogea ni wewe, na pasipo kitu kilichosimama huwezi kujua umesogea kiasi gani. Binti yako ameona kitabu kilekile mkononi mwa mama yake akadhani msomaji naye ni yuleyule.

Wala kurudia si ugeni kwetu. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na hakuutunga usomwe mara moja kisha ufungiwe kabatini. Tenzi za pwani zilighaniwa, zikasikilizwa tena na tena hadi zikakaa kifuani. Anayekhitimisha msahafu huanza tena na Alhamdu, na anayesali kwa Zaburi huzirudia maisha yake yote. Hakuna anayewaambia hawajasonga mbele. Kuna jambo jingine ambalo utenzi huo unalionyesha vizuri kuliko vitabu vingine vyote vya orodha yako. Mengi ambayo Mwana Kupona anamwusia binti yake kuhusu kumtii na kumridhisha mume, mwanamke wa leo hatayakubali, na huenda wewe mwenyewe unayapinga kila mwaka. Bado unausoma, kwa sababu ndani yake kuna mama mgonjwa anayejua hatakuwapo. Kupenda kitabu si kukubaliana nacho. Mara nyingi tunavirudia vile ambavyo ugomvi wetu navyo haujaisha.

Sasa nizikabili hoja za upande wa pili, maana zina uzito. Ya kwanza ni kwamba vitabu ni vingi na umri ni mfupi. Ni kweli. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise ilitoka mwaka 1994, lakini ilibidi tusubiri hadi 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mtu aliyefunga mlango ataikosa, na hasara ni yake. Ila orodha yako haionyeshi mlango uliofungwa. Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi mwaka 1999, wakati wewe ulikuwa mtu mzima mwenye vipenzi vyako tayari. Vitabu hivyo viwili viliingia vikakuta wenyeji, navyo vikapata nafasi. Hoja ya pili ni ngumu zaidi: kwamba wapo wanaorudia vitabu ili kujificha, wasikutane na jambo lolote la kuwasumbua. Hilo lipo, na sitakuficha. Kipimo chake ni rahisi. Ukimaliza Kusadikika mwaka huu, je, kuna jambo umeliona ambalo mwaka jana hukuliona? Likiwepo, unasoma. Ikipita miaka mitatu na halipo, kipumzishe, ukishike kingine. Hakitakukimbia.

Nakushauri usiongeze vinne ili vitimie kumi. Orodha ya vitabu vya moyoni haijazwi kwa heshima wala kwa haya, na wengi wanaotaja kumi wametia vinne vya kuonekana. Ila chukua penseli, na kila umalizapo kimoja kati ya vile sita, andika tarehe kwenye karatasi ya mwisho, na sentensi moja tu juu ya mtu uliyemfikiria zaidi safari hii. Tafuta na Peponi, uisome bila kujilazimisha kuipenda.

Kuhusu binti, usimpe orodha, mpe kitabu. Mimi ningeanza na Vuta N'kuvute, kwa kuwa mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu, na huenda binti yako ameiona. Akisome kitabu chenyewe, aje likizo ijayo. Mwulize amemwonaje Yasmin, aliyeozwa kwa mzee angali mtoto, na amemwonaje huyo Bwana Raza aliyemwoa. Kisha umweleze wewe ulivyowaona ulipowasoma mara ya kwanza, na unavyowaona leo.