Mwaka wa Mwisho wa Skuli na Kungoja Moyo

Somo letu la leo ni juu ya kijana aliyefika mwaka wa mwisho wa skuli. Wako wazazi wa Mombasa, Malindi na Lamu ambao watoto wao wamepangiwa skuli za kulala huko magharibi, Kitale na Bungoma. Mzazi humtia mwanawe katika basi, akamlipia karo na kumwombea dua, kisha akaona wajibu wake umekwisha. Lakini mwaka wa kidato cha nne una maradhi yake, na maradhi hayo hayatibiki kwa karo.

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai nilikuwa Bungoma. Baada ya sala alinijia kijana wa kwetu, aliyepewa ruhusa kutoka skuli kuja kusali, akakaa mbele yangu kimya. Nilipomwuliza khabari za masomo alisema: "Sheikh, nimechoka. Katika mtihani wa majaribio nimepata D. Nikifungua kitabu naona maandishi tu, hayaingii. Nangoja moyo unirudie ndipo nisome."

Mtihani wa taifa, huu wa KCSE ulioanza mwaka 1989, hufanywa Oktoba na Novemba. Basi hesabu mwenyewe siku alizokuwa nazo.

Wallahi, lililonitisha si ile D, bali ni neno lake la mwisho: "Nangoja moyo." Hapo ndipo wanapopotelea vijana wengi. Hudhani kuwa hamu hutangulia na kazi hufuata. Kumbe aghalabu kazi ndiyo itanguliayo, na hamu ikaja nyuma yake. Ni nani katika sisi aliyehifadhi Juzuu Amma kwa hamu ya kila siku? Tulikaa mkekani asubuhi na jioni, tukipenda tusipende, aya mbili leo na mbili kesho. Na sura ilipokwisha kukaa kifuani ndipo tulipouona utamu wake. Naye Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuitukuza amali ndogo yenye kudumu.

Nilikuwa nimetoka Kitale, basi nikampa mfano wa niliyoyaona huko. Mji ule uko juu, kiasi ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kwa ajili ya baridi mahindi yake hayana haraka. Ya kwetu pwani hukomaa kwa miezi mitatu au minne. Ya kule hupandwa kwa mvua za Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba hata Disemba. Yaani mkulima na mwanafunzi wana msimu mmoja wa kuvuna. Nikamwuliza: "Mwanangu, mwezi wa Mei, mvua inanyesha na magugu yamesimama, mkulima hungoja apate hamu ndipo apalilie?" Akacheka. Nikamwambia: "Akingoja yeye, magugu hayangoji."

Tukaagana juu ya mambo manne. Kwanza, asome nusu saa baada ya sala ya alfajiri, somo moja tu, wala asiiache hata siku moja. Pili, aanze na makosa yake katika ule mtihani wa majaribio. Kwani alama ile si hukumu, ni mfano wa tabibu aliyemwonyesha panapouma. Tatu, afanye mudhakara na mwenzake, kwani amfundishaye mwenziwe hufahamu mara mbili. Nne, alale usiku, maana kichwa kisicholala hakishiki neno.

Na je, alama zikija chini? Kuingia shahada ya chuo kikuu kunataka C+ au zaidi, lakini aliye chini yake ana vyuo vya ufundi, na mlango mmoja ukifungwa si yote. Tumkumbuke Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali. Alipofanya mtihani wa cheti cha Cambridge hakupata daraja ya kumtia Makerere. Akashika kazi katika chuo cha MIOME hapa Mombasa, kisha akapata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Akatwaa shahada Manchester mwaka 1960, na udaktari Oxford mwaka 1966. Naye akawa profesa katika Makerere ile ile. Hatusemi haya ili mtu aridhike na uvivu, bali ili khofu isimvunje kabla ya mtihani.

Ama nyinyi wazazi, msimpigie mtoto simu kumwuliza amekuwa wa ngapi tu, wala msimpime kwa mtoto wa jirani. Mwulizeni amesoma nini wiki hii, na amekula nini. Karo nayo ilipeni mapema; kwani mtoto akirudishwa nyumbani muhula wa tatu, kutoka Bungoma hata Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na siku anazozipoteza njiani hazirudi.

Mwezi wa Septemba yule kijana alinipigia kwa simu ya mwalimu wake. Akasema: "Sheikh, moyo bado haujarudi. Lakini nimemaliza milango minne ya kitabu cha Bayolojia."

Nikamjibu: "Mwanangu, hivyo ndivyo unavyorudi."

Wabillahi tawfiq.