Vumbi la Kazi Libaki Kazini

Ndugu mfanyakazi, siku ya Yenga asubuhi simama Nyawera, uwatazame watu wa Bukavu wakienda kanisani. Mvua imenyesha usiku kucha, matope yamejaa toka Kadutu mpaka Ibanda, lakini viatu vyao vinang'aa. Baba amevaa shati iliyopigwa pasi vizuri. Mama amefunga kikwembe na kitambaa cha kichwa vinavyolingana. Watoto wamepakwa mafuta, nywele zimechanwa. Watu wa mji wetu wanajua kujitengeneza, na ni jambo la heshima. Hatutaki kulisema vibaya hata kidogo.

Lakini tuingie nyumbani kwa baba huyo. Nyuma ya mlango kuna msumari, na juu ya msumari imetundikwa nguo aliyorudi nayo toka mgodini. Imekauka, imekakamaa, ina rangi ya jiwe. Chini yake ni mkeka anaolalia mtoto mdogo. Kila mlango unapofungwa, nguo ile inatikisika, na vumbi linaanguka polepole juu ya mkeka. Hakuna anayeliona.

Je, nyumba hii ni safi? Ukitazama shati la Yenga, utasema ndiyo. Ukitazama msumari, utasema hapana. Usafi wa kuonwa na watu ni mzuri. Usafi wa kulinda watu ni mzuri zaidi, na huo ndio somo letu la leo.

VUMBI USILOLIONA

Huku kwetu Kivu, dhahabu na kasiteriti mara nyingi hukaa ndani ya mishipa ya jiwe jeupe, gumu, linaloitwa kwarizi. Dhahabu ya Kamituga, kwa mfano, ilichimbwa katika mishipa ya namna hiyo. Ukitoboa jiwe hilo, au ukilivunja, au ukilisaga, linatoa vumbi. Chembe kubwa huanguka chini au hunaswa puani. Chembe ndogo kabisa, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, hazionekani kwa macho. Hizo ndizo mbaya, maana hufika mpaka mwisho wa mapafu na kubaki huko.

Baada ya miaka, mapafu hufanya makovu na kuwa magumu. Mtu anakosa pumzi akipanda kilima tu. Ugonjwa huo ni silikosi. Hauna dawa ya kuuponya. Tena mwenye silikosi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, na kifua kikuu huambukiza watu wa nyumbani. Ndiyo sababu tunatoboa kwa maji, tunanyunyizia maji kabla ya kufagia, na tunavaa kinga ya pua na kinywa.

Labda utasema: «Hatari hiyo ni yangu mimi, ninayeingia shimoni. Bibi na watoto wako mbali.» Sikia basi habari hii. Mwaka 1965, mjini London, wataalamu wawili, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, walichunguza watu waliopatwa na kansa ya ngozi inayofunika mapafu. Kansa hiyo huletwa na vumbi la amianti. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi na amianti. Lakini wengine hawakuigusa kazini hata siku moja. Walikuwa ndugu wa wafanyakazi, na kati yao walikuwamo wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao.

Vumbi letu si la amianti, na kila vumbi lina ubaya wake. Lakini njia ni moja: toka kazini, ndani ya nguo, mpaka mikononi mwa mama. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wa mikono kukamata dhahabu hupita njia hiyohiyo. Hushika katika nguo, na mvuke wake huharibu ubongo na figo, hasa za watoto. Kwa hiyo zebaki isichomwe kamwe jikoni wala lupangoni.

UFANYE NINI?

1. Usikung'ute nguo ya kazi, wala usiipulize kwa hewa ya kompresa. Vumbi halipotei. Linapanda tu na kuingia puani mwako na mwa mwenzako. Hewa yenye nguvu inaweza pia kutoboa ngozi au kuumiza jicho.

2. Kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, nawa mikono na uso kwa sabuni. Mkate usikae ndani ya mfuko wa nguo ya kazi.

3. Kazi ikiisha, vua nguo hukohuko mgodini, oga, vaa nguo za nyumbani. Nguo za kazi na nguo za nyumbani zisikae sanduku moja. Mahali pasipo na bafu wala chumba cha kubadilishia nguo, wafanyakazi wamwendee kapita pamoja na kuomba. Kuomba maji ya kuoga ni kuomba kinga, kama vile kuomba kofia ngumu.

4. Ndevu zinyolewe mahali kinga ya pua na kinywa inapogusa ngozi. Ndevu zikiwa katikati, vumbi linapita pembeni, na kinga inakuwa pambo tu.

5. Mikono ya nguo ifungwe, shati iingizwe ndani ya suruali, kamba za viatu zikazwe, pete ivuliwe. Mashine hushika chochote kinachoning'inia, na ikishika kitambaa, huvuta na mkono.

6. Acha mahali pa kazi pakiwa pamepangwa. Nyundo iliyoachwa juu ya ngazi itamwangukia mwenzako. Mafuta yaliyomwagika yatamtelezesha mtu wa zamu ya usiku. Kila kitu na mahali pake.

MANENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, mara nyingi baba anakuja likizo toka mbali. Toka Kamituga mpaka Bukavu ni kilomita karibu 180, na kule hakupata nafasi ya kufua. Anakuletea mfuko mzima wa nguo chafu. Upokee mfuko, lakini usiufungue ndani ya nyumba.

Ulete beseni nje, mahali watoto hawachezi. Tia nguo majini polepole, bila kuzikung'uta, uzilowekee humo. Vumbi lililolowa haliruki tena. Kisha ndipo utie sabuni na kusugua. Nguo za watoto na mashuka yafuliwe peke yao, katika maji mengine. Maji ya kwanza yasimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mboga. Ukimaliza, osha beseni, nawa mikono mpaka kwenye kiwiko.

Na baba naye asikae akitazama. Vumbi ni lake, basi yeye ndiye abebe maji.

Kuna sababu nyingine ya kutochanganya nguo. Mwaka 2023 aina mpya ya ugonjwa wa mpox ilionekana huko Kamituga, kati ya watu wa mji wa migodi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mpox kuwa hatari kwa mataifa yote, na tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025. Ugonjwa huu hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na pia kwa mashuka, taulo na nguo za mgonjwa. Kwa hiyo kila mtu awe na taulo yake. Mtu akiwa na homa na vipele, aende kwa munganga mapema, asijifiche.

MPAKA KWENYE MFEREJI

Usafi wa nyumba hauishi kizingitini. Lupango yenye makopo na matairi yenye maji inafuga mbu. Taka zikiachwa wazi zinaita nzi na panya. Kipindupindu kimekaa muda mrefu kando ya Ziwa Kivu. Anayechota maji ziwani ayatibu au ayachemshe kabla ya kunywa, na ndoo iwe na kifuniko.

Tena, Bukavu ni mji wa vilima. Kopo unalotupa katika mfereji wa Kadutu halikai Kadutu. Mvua inalishusha mpaka ziwani, na maji ya ziwa yanalipeleka Ruzizi. Huko, mbele ya kituo cha umeme cha Ruzizi I, chupa na mifuko ya plastiki hukusanyika mpaka kuziba mashine. Halafu umeme unakatika, nasi tunalalamika gizani. Wazee wanakumbuka Salongo ya wakati wa Zaïre, kazi ya lazima ya kusafisha mji. Leo tusingoje kulazimishwa. Kila nyumba ifagie mbele ya mlango wake na kuzibua kipande chake cha mfereji.

JIULIZE NYUMBANI

Jioni hii, ukae na bibi yako na watoto, mjibu maswali haya:

— Nguo yangu ya kazi inatundikwa wapi, na nani analala karibu nayo?
— Nani anaifua, na anailowesha kwanza?
— Mtoto akinikimbilia ninaporudi, je, nimekwisha kunawa na kubadili nguo kabla ya kumpakata?
— Maji ya mvua yakipita mbele ya mlango wetu, yanabeba nini?

Kama msumari ule uko nyuma ya mlango wako, usingoje mwisho wa mwezi. Uung'oe leo, uupigilie nje chini ya paa, mbali na mahali pa kulala. Hauna bei. Siku ya Yenga, utakapotoka na shati lako la pasi na watoto wako waliopakwa mafuta, watu watasema: «Familia ile ni safi.» Nawe utajua kwamba wamesema kweli.